Aliye Ukutani Hakai Benchi

Fundi rangi alikuwa amechoka kabla hata hajapanda jukwaa lake la mbao. Mgongo ulimuuma, rangi nyeupe ilikuwa imeshika ngozi juu kama uji uliosahaulika mezani, na wanakamati wa klabu walikuwa wamesimama chini yake wakibishana, kazi waliyoijua kuliko mpira wenyewe. Ubishi ulikuwa ule ule wa kila msimu: nani hasa ndiye nguzo ya timu? Safari hii walikuwa wamebaki wachezaji wawili, Shoto na Nanga.

Klabu ile ya wanawake ya mpira wa kikapu ilikuwa na desturi ya kumchora nguzo wa timu kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, kutoka msingi hadi karibu na paa, ili kila apitaye barabarani amwone, apende asipende. Na aliyechorwa alikuwa na sheria yake. Haikuandikwa popote, lakini hakuna shabiki asiyeijua: aliye ukutani hakai benchi. Kocha akithubutu kumpumzisha hata kidogo, ukumbi mzima unalipuka, "Aliye ukutani! Aliye ukutani!" mpaka binti wa watu anarudishwa uwanjani na jasho lake.

Tatizo la nguzo hizi ni kwamba zilikuwa na miguu. Wa mwisho alihamia klabu nyingine rangi ya sikio lake haijakauka. Wa kabla yake aligombana na mwenyekiti, na wa kabla ya huyo alipata kazi mbali akaaga kwa simu. Kila mara Fundi aliitwa aje amtoe yule amweke huyu, na kila mara aliambiwa afanye haraka, maana mechi iko mlangoni. Fundi naye si mjinga. Alibadilisha kichwa na namba ya jezi, basi. Mwili aliuacha kama ulivyo: miguu mirefu, kiuno kilichopinda kidogo, na mkono wa kulia umenyooshwa juu kabisa umeshika mpira. Hakuna aliyegundua hata siku moja. Watu wakishaona sura wanayoijua, kilichobaki wanajazia wenyewe.

Mwili ule ulikuwa wa dada yake.

Ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchorwa pale, enzi hizo mashabiki wakimwita Mnara. Fundi alimchora akimwangalia kwa macho, amemsimamisha juu ya kreti la soda uani kwao, mpira mkononi, mpaka bega lilipoanza kutetemeka na wote wawili wakaishia kucheka. Baadaye goti likaharibika katikati ya mechi, na hapo mpira ukaishia. Sasa alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule sebuleni kwake na kukanyaga pedali kwa mguu mmoja tu, ule mzima.

Kichwa cha dada yake, Fundi alikifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kazi ni kazi. Mwili ulimshinda. Alijiambia kwamba ile ndiyo zawadi yake kwa mdogo wake, siri yao ya watu wawili. Na aliona jinsi dada yake, kila akienda kununua nyuzi, anavyovuka na kupita ng'ambo ya barabara, ingawa kuvuka kulimpa shida. Fundi alielewa: picha kubwa huangaliwa kutoka mbali. Jambo hilo lilimfariji siku nyingi ambazo hakuwa na faraja nyingine.

"Jamani, hesabu hazidanganyi," Katibu alikuwa anasema chini pale. Alikuwa kijana wa simu mbili, na zote zilikuwa mkononi. "Shoto peke yake kafunga nusu ya pointi zetu. Watu wanajaa humu kumwona nani? Nanga? Nanga hata mama yake mzazi akija, anamtazama Shoto."

Kocha alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, filimbi shingoni, macho nusu yamefumba. Mama yule alikuwa amefundisha timu hiyo miaka mingi mpaka hasira zilikuwa zimemwisha, yamebaki maneno tu. "Shoto anafunga, sikatai. Ila asipopewa pasi mara mbili ananuna. Na akinuna, tunacheza wanne."

"Nguzo," akasema Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila alipofungua kinywa ungedhani kengele imelia, "nguzo ni yule anayeleta kombe."

"Basi Mwenyekiti, sisi hatujawahi kuwa na nguzo. Kombe tunalisikia kwa majirani," Kocha akamjibu.

Katibu akacheka, kisha akaona uso wa Mwenyekiti akaacha.

"Tumalize," Mwenyekiti akasema. "Ni Shoto. Na wewe Fundi, unanisikia? Umchore anavyocheza, mkono wa kushoto ndio uwe juu. Tusije tukachekwa na mji mzima, tumemchora mwenye shoto kwa mkono wa kulia."

Fundi akautazama mkono ule wa kulia ukutani. Kugeuza mkono si sawa na kugeuza namba. Ukigeuza mkono umegeuza bega, ukigeuza bega umegeuza mbavu na kiuno, na mwisho wa yote inabidi upake ukuta mzima nyeupe uanze upya. Dada yake angeondoka pale moja kwa moja. Akateremka jukwaani bila kujua atasema nini.

"Mwenyekiti, naomba neno moja."

"Wewe ni wa rangi."

"Ni wa rangi, ndiyo. Lakini hizi nguzo zenu zote nimezifuta mimi."

Kocha akafungua jicho moja. "Mwache aseme, mzee. Sisi tumesema tangu asubuhi na hatujafika popote."

Fundi akajifuta mikono kwenye suruali. "Mnaangalia mtu anafanya nini akiwa ndani. Nguzo haijulikani hivyo. Nyumba ikiwa imesimama, nani anaisifu nguzo? Watu wanasifu rangi, na mimi nawashukuru. Nguzo itoe, ndipo utaijua. Jumamosi iliyopita Nanga alitoka nje ya uwanja kufungwa bandeji kwenye kifundo cha mguu. Shoto alibaki ndani. Tulikuwa tunaongoza. Nanga alivyorudi, tulikuwa wapi?"

Katibu akazitia simu zake mfukoni.

"Tulikuwa tumeachwa," Kocha akajibu polepole. "Tumeachwa vibaya. Mipira yote inayogonga ubao na kurudi, hakuna wa kuidaka. Mabeki wanatazamana." Akasimama, akishika kiuno. "Anasema kweli. Miaka yote hii natafuta namna ya kuwaambia hivyo, na leo nimesemewa na mtu wa brashi."

Walibishana tena kidogo, kwa ajili ya heshima tu. Katibu alisema Nanga hana mvuto. Kocha akamuuliza nguzo ya nyumba yao ina mvuto gani. Mwishowe Mwenyekiti akainua mkono. Nanga ndiye. Nanga anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo kazi ni kichwa na namba, kama kawaida. Wakaondoka mmoja mmoja, na Kocha akampa Fundi mkono, akautikisa kwa nguvu.

Fundi alibaki ameshika brashi, na hakujisikia vizuri. Kila alichosema kilikuwa kweli, lakini hakukisema kwa sababu ni kweli. Kama Nanga ndiye angekuwa na mkono wa shoto, angempigia debe yule mwingine kwa maneno matamu vilevile. Alikuwa anautetea mkono wa ukutani, basi.

Jua lilikuwa limeanza kupungua makali dada yake alipotokea, ng'ambo ya barabara kama siku zote, mfuko wa nyuzi begani. Fundi akamwita kwa kelele. Dada yake akasita, akatazama kulia na kushoto, akavuka akiburuta mguu.

"Shikamoo kaka. Unaita kama kuna moto."

"Marahaba. Nimekuokoa, mama." Akamsimulia yote, Shoto na mkono wa kushoto, hotuba yake, Mwenyekiti alivyonywea. Alisimulia akicheka. Dada yake hakucheka.

"Nanga si ndiye yule aliyefungwa bandeji?"

"Ndiye."

"Amepona?"

"Sijui. Nadhani bado anachechemea."

"Na sasa mmemweka ukutani." Akashusha mfuko chini. "Kaka, unakumbuka goti langu liliharibika lini?"

"Kwenye mechi ile ya mwisho. Ulianguka chini ya kikapu."

"Siku hiyo lilimalizika tu. Lilikuwa linawaka moto mwezi mzima. Nilimwambia kocha tuliyekuwa naye kabla ya huyu mama, nikamwomba nipumzike mechi mbili tatu. Akanishika bega, akanitoa nje, akanisimamisha hapa hapa. Akanionyesha ukuta. Akaniuliza, 'Yule pale anachoka?'"

Fundi akaiweka brashi chini.

"Nikaona aibu. Kaka, niliionea aibu picha yangu mwenyewe. Nikarudi ndani nikacheza."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unajivunia ile picha kuliko mimi nilivyojivunia kucheza."

Fundi akaketi juu ya ndoo. Ilikuwa imefunikwa, bahati yake. "Mimi nilidhani unapenda kuiona. Si ndiyo maana unapita ng'ambo? Ili uione yote."

Dada yake akamtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Napita ng'ambo nigeuze uso nitazame maduka. Si huku ukutani mtu akipita lazima apite chini ya mkono wangu? Nimewekewa vichwa vya watu na bado nimesimama. Nimeshona mpaka macho yamechoka, naenda kununua nyuzi, najikuta bado niko pale juu nimeshika mpira. Mimi nimechoka, kaka."

Hapo Fundi alilia, si kwa sauti, akijifanya anafuta rangi shavuni. Miaka yote alidhani anampa zawadi, kumbe alimsimamisha juu ya kreti lile uani akasahau kumwambia ashuke.

"Rola iko wapi?" dada yake akauliza.

"Ipi?"

"Ile ya mpini mrefu, ya kufika karibu na paa. Na hiyo ngozi ya rangi itoe, utapaka mabonge."

Akaitoa. Akakoroga rangi, akaimimina kwenye trei. Dada yake akachovya rola, akasimama kwa mguu mzima, akaufikia mkono ule wa ukutani kutoka chini. Alianza na kiwiko. Akapanda mpaka vidole, akashuka mpaka begani, rangi nyeupe ikimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Hakuharakisha.

"Mpira nao?" Fundi akauliza.

"Mpira una kosa gani? Uache."

Mpira ukabaki peke yake juu ukutani, haujashikwa na mtu. Fundi akachukua brashi pana, akaanza miguuni. Wakapaka bila kuongea mpaka mwili wote ukaisha, pamoja na kichwa cha yule wa mwisho.

"Sasa Nanga nitamchoraje?"

"Mchore ameketi. Benchi, taulo shingoni, mguu ameunyoosha."

"Mwenyekiti ataniua. Ataniuliza, nguzo gani inakaa?"

"Mwambie nguzo yenye miguu. Na Kocha atakutetea, yule mama kachoka kama sisi." Akamrudishia rola, akafuta mikono, akainama taratibu kuchukua mfuko wake wa nyuzi.

Fundi alipanda jukwaani, akachora mstari mmoja wa penseli, mlalo, wa benchi. Alipogeuka kuangalia kama dada yake ameshavuka barabara, hakumwona ng'ambo. Alikuwa anaelekea nyumbani upande huu huu, polepole, karibu kabisa na ukuta.