Nyama Aliyoilainisha Baba Mkubwa

Mimi kinyaa sikifichi. Nikimwona mtu anachokoa meno kwa ukucha halafu anamega mkate wa wenzake kwa mkono uleule, uso wangu unasema kabla mdomo haujafunguka. Mdogo wangu Martina amenionya mara nyingi kuhusu huo uso. Asubuhi ya ubatizo wa mwanawe alinivuta kando jikoni, akanishika mkono na kuniambia, "Dada, leo ni siku ya wakwe zangu. Nakuomba, kula, cheka, na likikushinda jambo, tazama pembeni."

Nikaahidi. Sikujua ningetazama pembeni mara ngapi.

Mwanawe, Nehemia, alikuwa na miezi kumi, mnono, mwenye tabia ya kufungua mdomo kila akiona mkono unakuja. Mtoto wa namna hiyo kwenye sherehe ni kama kapu la sadaka: kila anayepita anatumbukiza chake. Tulipotoka kanisani, watu wakajaa chini ya turubai pale nyumbani kwao kijijini Nakwa, na kazi ikaanza. Binti mmoja alimpa bisi. Mama mmoja wa kwaya akamtia karanga nzima ya kukaanga, akasema eti mtoto anaumia roho wenzake wakila. Mwingine akachomoa pipi kinywani mwake mwenyewe, akamlambisha. Pipi ile ilikuwa imenasa unywele. Nikatazama pembeni.

Martina alizunguka nyuma yao akitoa kila kilichoingia, huku anatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Asante mama, huyu bado hawezi. Chakula chake kipo." Na kweli kilikuwepo, kwenye bakuli lenye kifuniko: viazi vilivyopondwa, maharage yaliyomenywa na kusagwa kwa uma, nyama iliyochambuliwa nyuzinyuzi kisha ikatwangwa. Kliniki muuguzi aliwafundisha akina mama kwamba mtoto mdogo hapewi karanga, pipi, bisi wala pande la nyama, maana koo lake ni jembamba na kitu kigumu kikikaa pale kinaziba pumzi. Akawafundisha pia kumketisha wima wakati wa kula, na la kufanya akikabwa. Martina alirudi akaniigizia somo zima kwa kutumia mto.

Wakwe zake walipolisikia somo hilo walicheka. "Sisi tulilelewa na nani?" aliuliza wifi yake Sarah, dada wa mumewe. "Siku hizi mnalea watoto kama mayai."

Kisha akafika Baba mkubwa Sylvesta, viti vikasogezwa.

Huyu ni kaka wa marehemu baba yake Nikodemu, mume wa Martina. Ndiye aliyemlea Nikodemu baba yake alipofariki. Zamani alikuwa na bucha karibu na soko la Babati, kwa hiyo kwenye habari za nyama hakuna anayefungua mdomo mbele yake, na mbuzi aliyechinjwa siku ile alikuwa wake. Nikodemu ni fundi umeme, mtu mzima mwenye ndevu, lakini mbele ya Baba mkubwa anakuwa kama mwanafunzi aliyechelewa mstarini.

Wifi Sarah alipiga goti na jagi la maji ya kunawa. Mzee akachovya ncha za vidole, akazikung'uta hewani kama padri anayebariki waumini, basi. Hakugusa sabuni. Akaanza kula. Jamani! Alifyonza uboho kwa sauti iliyofika mpaka meza ya kwaya. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye mkanda wa saa, akaulamba mkanda. Alipopiga chafya, alijifuta pua kwa kitambaa cha meza, na dakika hiyohiyo akajifutia mdomo kwa kitambaa hichohicho. Pilau yangu ikanishinda. Nikaisukuma kando.

"Leteni mjukuu," akasema.

Nikodemu mwenyewe ndiye aliyemchukua mtoto kutoka kwa mama yake. Mzee akamlaza chali mapajani, akambinya mashavu kwa vidole vyenye mafuta. "Uji, viazi. Uji, viazi. Nyie mnalea mwanaume au mnauguza mgonjwa?"

Watu wakaangua kicheko. Martina akasogea na bakuli lake. "Baba, nyama yake nimeitwanga. Hii hapa."

"Toa makorokoro yako. Hii nitamlainishia mimi."

Akatia kipande mdomoni, akatafuna taratibu huku anaangalia turubai, taya likilia. Akakitoa kwa vidole. Kilikuwa cha kijivu, kimebaki na mshipa mweupe usiovunjika, na uzi wa mate ulitoka kwenye kile kipande mpaka kwenye masharubu yake bila kukatika. Nikakumbuka ahadi yangu, nikageuza shingo kuangalia ukuta.

Nilipogeuka tena nyama ilikuwa imeshaingia, na mtoto yuko kimya.

Watu walidhani anaonja utamu. Hakuwa anakohoa wala kulia. Mdomo ulikuwa wazi, macho yametoka, mikono inapapasa hewa, na hakuna sauti hata moja iliyokuwa inatoka. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Wengine walikuwa bado wanacheka.

"Amekabwa!" Martina alipiga kelele.

Hapo kila mtu akawa daktari. Wifi Sarah akaanza kumpuliza utosini. Mama wa kwaya akaja mbio na chupa ya soda amnyweshe. Baba mkubwa akanguruma, "Tonge la ugali! Mpeni tonge limsukume chini!" na mtu kweli akalifinyanga tonge, akalileta. Mimi nilimrushia Baba mkubwa maneno ambayo hayaandikiki.

Martina hakumjibu yeyote. Alimpokonya mtoto mapajani mwa mzee, akapiga goti chini, akamlaza kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, taya akilishikilia kwa vidole. Akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Akapiga tena kwa nguvu. Akapiga mpaka mapigo yakatimia matano, hakikutoka kitu. Akamgeuza chali, kichwa bado kiko chini, akambonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili, mara tano vilevile. Bado. Akamrudisha kifudifudi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti ya msibani.

Pigo lililofuata, kipande kikaruka, kikaangukia jamvini pamoja na maziwa yaliyoganda na kamasi. Nehemia akavuta pumzi yenye mkwaruzo, akalia. Alilia kwa hasira, uso mwekundu, na mimi nikakaa chini palepale.

"Mungu mkubwa!" watu wakashangilia. "Shetani ameaibika!"

Shetani! Mwenye kosa alikuwa amekaa palepale kwenye kiti cha plastiki, anajifuta masharubu.

Ungedhani yameishia hapo. Na mimi nilidhani hivyo. Baba mkubwa alikiangalia kile kipande jamvini kwa jicho la mtaalamu, akatikisa kichwa. "Hiki kilikuwa cha goti. Hakikulainika." Kisha akachagua kingine kwenye sinia, akakitia mdomoni na kuanza kutafuna upya. Akaongea mdomo ukiwa umejaa, punje za wali zikimruka: "Mleteni tena. Mkimwacha hivi ataogopa nyama maisha yake yote."

Watu wazima, wenye watoto wao, waliomwona mtoto akipoteza pumzi sasa hivi, wakaanza kuangalia sahani zao. Hapo ndipo nilipochefuka kuliko yote. Mate ya mzee angalau yangefutika kwa maji.

Martina akamtazama mumewe. Nikodemu akaangalia viatu vyake. "Mama Nehemia," akasema kwa sauti ndogo, "mpe tu. Kidogo. Usimvunjie mzee heshima mbele ya watu."

Nilishika ukingo wa meza. Kama mdogo wangu angetii, ningeipindua ile meza na masinia yake yote.

Martina alikuja kwangu, akanikabidhi mtoto. Kisha akaenda mbele ya Baba mkubwa, akapiga goti, akakinga mikono yote miwili. "Naomba hicho, baba. Nitalisha mwenyewe."

Mzee akatabasamu. Akakitoa mdomoni, akakiweka kwenye kiganja cha Martina. "Mnaona? Mke mwenye adabu huyu."

Martina akainuka. Nilimkumbatia mtoto na kumficha uso kifuani kwangu. Lakini mdogo wangu alinipita, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Baba Nehemia, fungua mdomo."

"Nini?"

"Baba amekulainishia. Kula."

Kuna mtu alianza kucheka, akaacha. Nikodemu alitazama kile kiganja. Ute ulikuwa unapenya katikati ya vidole vya mkewe na kudondoka. Akarudisha kichwa nyuma mpaka kikagusa nguzo ya turubai. "Martina, acha utani."

"Si utani. Ni heshima ya mzee. Ipokee mbele ya watu."

Alimsogezea mdomoni. Nikodemu akafumba midomo kwa nguvu, akageuza uso kushoto. Mkono ukamfuata. Akageuza kulia, ukamfuata. Koo lake likapanda na kushuka, macho yakamjaa maji, akaanza kukakamuka kutapika.

"Una meno thelathini na mawili," Martina akasema bila kupaza sauti. "Mwanao ana manne."

Nikodemu akamsogeza mkewe, akaenda mpaka kwenye uzio wa michongoma, akainama. Akatema mate mara nyingi, ingawa hakuwa ametia kitu mdomoni. Tulimsikia wote. Aliporudi hakupita kwa Baba mkubwa kumwomba radhi, alikuja moja kwa moja kwangu, akanyoosha mikono, akampokea mtoto na kumketisha wima juu ya mkono wake.

"Baba mkubwa," akasema, "mbuzi wako tumeshukuru. Lakini mwanangu hatakula tena kutoka mkononi mwako."