Kabureta ya Kumpandisha Mama

Mlima ulikuwa umeshawashinda mama na bintiye mara mbili, na mama alisema ukiwashinda tena basi, nyumba yake ya kule juu wapewe wapangaji, naye azeeke akiwa mgeni chumbani kwa bintiye. Magoti yake hayapandi tena. Gari haliingii kwenye kinjia cha kupandia huko. Ilibaki pikipiki.

Binti ndiye fundi. Silinda aliipanua mwenyewe, akatia pistoni kubwa, injini ikanguruma hadi majirani wakafunga madirisha. Kabureta ya zamani, kile kifaa kinachoichanganyia injini hewa na petroli, haikuitosha tena. Kosa lilikuwa kumtuma mdogo wake, ambaye mtaa mzima humwita Mbio, akatafute nyingine. Jamaa akarudi na dude la mashindano, mdomo wake unameza kidole gumba na nafasi inabaki. Pistoni kubwa, mdomo mkubwa, alisema, na dada mtu, loo, akakubali. Kwenye tambarare pikipiki iliruka kama mbuzi. Mlimani, polepole, mama akiwa nyuma, mara zote mbili ilikohoa ikazimika.

Sasa fundi alisimama kwenye duka la vipuri, kabureta tatu mbele yake, Mbio akimnong'oneza achukue kubwa zaidi. Muuzaji naye akaunga mkono, maana hiyo kubwa ilikuwa imemdodea. Fundi akawaacha waseme. Yeye aliwaza kile kinjia: injini inazunguka taratibu, hewa inapita kwenye mdomo mpana kwa uvivu, petroli haivutwi. Mdomo ukibana kidogo, hewa hukimbia, na petroli huifuata. Akachukua ile iliyoizidi ya zamani kidogo tu.

Mbio alicheka, akauliza kama hiyo ni ya pikipiki au ya mashine ya kukatia nyasi.

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," dada akamjibu. "Beba twende."

Jumapili aliifunga, akairekebisha skrubu ya hewa mpaka injini ikatulia. Walikubaliana ni kujaribu tu. Mama akapanda, akamshika bintiye kiunoni. Mbio akafuata kwa miguu na jiwe la kuzuia gurudumu, kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo.

Fundi akafika kwenye kona ile ya aibu, pikipiki ilikozimika. Akafungua mafuta taratibu. Injini ikavuta. Ikavuta tena, nzito, bila kikohozi hata kimoja, na Mbio akaachwa huko chini akihema na jiwe lake. Fundi alipiga kelele za furaha peke yake njia nzima, asione haya.

Juu, mama alishuka, akafungua mlango wake, akaketi kwenye kiti chake. Binti, machozi yakimtiririka, akamkumbusha kwamba leo ni majaribio, warudi, nguo zake zote ziko chini.

"Mtaniletea kesho," mama akasema, akivua viatu. "Si pikipiki inapanda?"