Kikapu cha Chelangat

Kufikia saa tano Chelangat alikuwa ameshikilia kichaka cha chai kwa mikono yote miwili, anakohoa, na kikapu chake mgongoni hakijafika hata nusu. Manyunyu ya vilima vya Kimulot yalikuwa yakimwingia shingoni. Yunia, aliyekuwa akichuma mstari wa kando yake, alimwona. Majani aliyokuwa nayo mkononi akayatupia kwenye kikapu cha mwenzake. Rodah, upande ule mwingine, akafanya vivyo hivyo.

Ndivyo walivyoishi. Mchumaji asiyefikisha kilo za siku huondolewa kazini, na akiondolewa kazini hutoka pia kwenye nyumba ya kampuni. Kwa hiyo mgonjwa alichumiwa. Mjamzito alichumiwa. Yunia mwenyewe, alipojifungua kitinda mimba wake na kubaki na maumivu ya mgongo, alichumiwa na huyu huyu Chelangat, na wala hawakuwa kabila moja. Nyapara hakulijua jambo hilo. Karani wa mizani alilijua akajifanya haoni.

Alasiri hiyo wachumaji waliitwa ukumbini. Chelangat alibaki kambini, kwenye nyumba za kampuni, amelala. Bwana Kiptum, kijana wa makao makuu, aliketi nao kwenye benchi, kiti cha mbele akakiacha wazi. Palikuwa na mkate na chai ya maziwa. Kiwanda kilikuwa kikilalamika kwamba majani magumu yanaharibu chai, na wanunuzi wanaikataa.

"Mimi sijakuja kutafuta makosa," alisema. "Nyinyi ndio mko shambani. Hii shida inatoka wapi? Semeni bila uoga, mama zangu."

Tangu Yunia atoke Kisii akiwa msichana, hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumuuliza anaonaje. Moyo ukamlainika, maskini. Akaona hapa ndipo pa kumwombea mwenzake mapumziko.

"Bosi, hayo majani magumu ni yetu," akasema. "Jioni tunachuma haraka haraka, hatuchagui, ndio tujazie wale wagonjwa. Kama mungewapa likizo wapone, sisi tungechuma vizuri."

Rodah akamfinya paja.

"Wagonjwa kama nani?" Kiptum aliuliza, kwa upole kabisa.

"Kama Chelangat. Kifua kinamuua. Mumsaidie tu, bosi."

"Asante sana, mama. Watu wa kusema ukweli ndio tunataka." Akampigia makofi, na wengine, kwa kukosa la kufanya, wakapiga pia.

Wiki haikuisha. Majani ya Chelangat yalipimwa nyapara akiwa amesimama pale pale, kilo zikapungua, na kesho yake akaambiwa afungashe. Yunia alikimbia ofisini. Alimkuta Kiptum mlangoni akingoja gari.

"Bosi, mimi niliomba apumzike!"

"Si sasa atapumzika nyumbani? Mama, kampuni si hospitali." Akamshika bega. "Lakini umetusaidia sana. Endelea hivyo hivyo."

Yunia alibeba godoro la Chelangat hadi barabarani. Alitaka kukiri, akaona aibu. Chelangat ndiye aliyesema.

"Najua ni wewe. Rodah aliniambia."

"Nisamehe, dada. Nilifikiria watakupa..."

"Nyamaza. Ulikuwa unaniombea." Akakohoa mpaka akaketi juu ya godoro. "Sasa wewe nani atakuchumia, Yunia? Na huo mgongo wako?"

Jumatatu nyapara hakukaa tena kwenye kibanda chake. Alitembea katikati ya mistari, akitazama mikono. Wanawake walichuma bila kuongea, na mstari wa Chelangat akapewa msichana mgeni ambaye hakuna aliyemsalimia.

Alasiri mgongo wa Yunia ukakataa. Alijaribu kuinama, akashindwa, akasimama wima huku machozi yakimtoka. Rodah alimwona. Mkono wake, umejaa majani, ukaelekea kwenye kikapu cha Yunia, kisha ukasita. Akamtazama nyapara. Yale majani akayatupa kwenye kikapu chake mwenyewe, akasogea mbele.