Tarehe Waliyokubaliana

Kila asubuhi, kabla ya kuteleka kahawa, Dolores Hudak alitoka barazani na kitambaa kilicholowekwa siki, akafuta masizi kwenye ukingo wa mbao. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake pamoja na nyumba. Ng'ambo ya mto palikuwa na kiwanda cha makaa ya koki, yale yanayoyeyushia chuma, na kiwanda hicho hakikuwa na desturi ya kulala. Kwa kawaida kitambaa kimoja kilitosha. Asubuhi ile ya Desemba kilijaa kabla hajafika nusu ya ukingo, ikambidi arudi ndani kuchukua cha pili. Redio ya jikoni ilikuwa ikisema kwamba leo ni Ijumaa, tarehe kumi na tatu. Jana yake ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na moja.

"Stan!" aliita. "Wameiruka."

"Wameruka nini?" mumewe aliuliza kutoka chumbani, mpira wa oksijeni ukiwa puani.

"Alhamisi."

Stan alifikiri kidogo. "Basi vidonge vya Alhamisi sijameza," alisema. "Usije ukanigombeza."

Mji wa Clarnock uliipokea habari hiyo kwa utulivu. Jirani yao Bernie Sabol alikuwa ametarajia kutimiza miaka sabini siku hiyo. Akabaki na sitini na tisa yake, wala hakulalamika. Wanafunzi walikosa mtihani wa hesabu, nao pia hawakulalamika. Dada yake Stan, aliyeolewa Ontario, alipiga simu kusema kwamba kwao Alhamisi ilifika vizuri tu, ilikuwa na manyunyu. Kanada haikuwa na habari na kesi ile.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Sheria inaitaka serikali, kila miaka mitano, ipitie upya kiwango cha uchafu ambacho raia anaweza kuvutishwa pamoja na hewa. Haijasema lazima ikipunguze. Inatakiwa ikitazame tu. Serikali ilikuwa haijakitazama kwa miaka tisa. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwananchi aishtaki serikali kwa uchelewaji, mradi apatikane mtu mmoja anayeweza kuapa kwamba hewa inamdhuru. Clarnock watu wa namna hiyo walikuwa tele, lakini kikundi cha kupigania hewa safi alichokiongoza Dolores kilimchagua Stan, kwa kuwa alifanya kazi kwenye matanuri ya kiwanda tangu ujana na kikohozi chake kilisikika mpaka kanisani.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kupumua," Stan alimwambia wakili wao, Phyllis Brandstetter, siku ya kula kiapo. "Maisha yangu yote sijawahi kupewa kazi ikanishinda. Hii naona itanishinda."

Siku hiyo hiyo alikwenda dukani akanunua shati jeupe. Hakuna mwanamume wa Clarnock aliyewahi kukaa barazani kwake na shati jeupe likabaki jeupe. Kiwanda kilikuwa kimetamka wazi kwamba kitabadilisha milango ya matanuri, ile inayovuja moshi, siku serikali itakapobadilisha kiwango, na si siku moja kabla. Stan aliliacha shati ndani ya mfuko wake wa plastiki, pini zikiwa bado kwenye kola, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba. Alisema atalivaa siku hiyo, akae barazani, anywe bia yake, bila mpira puani. Hakutaka kitu kingine serikalini.

Kesi za namna hii hazina ugomvi. Serikali haikatai kwamba imechelewa. Inakiri mapema, tena kwa adabu. Kinachobaki ni kupatana tarehe mpya. Serikali ilimtuma wakili wake, Todd Ackerley, mtu mpole aliyekuja na boksi la donati kila kikao na aliyekuwa amemaliza kesi nyingi za namna hii na Phyllis mpaka akajua mbwa wake anaitwaje. Walikubaliana tarehe kumi na mbili Desemba, wakatia sahihi, wakapeana mikono. Ndiyo siku ambayo haikuja.

Phyllis alimpigia simu akiwaka moto.

"Wakili mwenzangu, mmechelewa tena!"

"Hatujachelewa hata kidogo," alijibu Ackerley kwa upole. "Ahadi ni deni, na sisi deni letu tunalijua. Tulisema tarehe kumi na mbili. Siku itakapofika, mapitio mtayakuta mezani."

Jaji, ambaye mwenyewe alikuwa na miadi ya kung'olewa jino Alhamisi ile, aliona hoja hiyo ina uzito. Akawaagiza wakapatane upya.

Dolores aliitisha mkutano katika ukumbi wa zimamoto ili watu watoe maoni kuhusu kiwanda. Walikuja wengi kuliko siku zote, na alifurahi mpaka walipoanza kusema.

"Dolores, mama, tuombee tarehe kumi na tano Aprili," alisema Bernie Sabol. "Siku ya mwisho ya kulipa kodi. Ukiipata hiyo ikarukwa, tutakujengea sanamu."

"Mimi nasema hivi," alidakia jamaa mmoja wa nyuma, amevaa kofia ya kuwindia. "Siku ya kwanza ya kuwinda kulungu isiguswe. Mkiigusa hiyo, tutaonana wabaya."

Padre aliomba Ijumaa Kuu isirukwe, kwani ikirukwa hatajua Pasaka amfufue nani. Mama mmoja alitaka siku ya kuzaliwa ya mkwewe ifutwe, mwaka hadi mwaka ikiwezekana. Wakabishana mpaka kahawa ikaisha. Kuhusu hewa hakuna aliyefungua kinywa, isipokuwa kukohoa. Dolores alirudi nyumbani na hasira.

"Watu hawa!" alimwambia Stan. "Wanaibiwa siku, nao wanapanga foleni kuchagua ipi!"

"Waache, mama watoto," alisema Stan. "Mtu huomba kile anachoona kinapatikana."

Kikao kilifanyika ofisini kwa Phyllis, mjini Pittsburgh. Dolores alikwenda na sinia la biskuti zilizotiwa kokwa za jozi, maana donati za serikali alikuwa amezichoka. Phyllis, kwa kutimiza ahadi kwa watu wa Clarnock, alianza kwa kutaja tarehe kumi na tano Aprili. Ackerley aliweka donati yake chini.

"Hapana," alisema. "Siku hiyo lazima ifike."

Hawakuwahi kumsikia akisema kwa ukali namna ile. Kisha akatabasamu, akachukua biskuti, akala, akachukua nyingine.

"Bi Hudak, hizi umepika mwenyewe? Binti yangu anaolewa na kijana wa huku kwenu. Wakwe wameniambia harusi bila meza ya biskuti si harusi, ni mkutano tu. Eti shangazi wote wapike, aina kumi na mbili! Mimi nitawatoa wapi shangazi?"

"Hongera sana, baba," alisema Dolores. "Harusi lini?"

"Juni ishirini na moja. Jumamosi."

Dolores alipangusa makombo ya biskuti mezani, polepole.

"Basi na sisi tunaitaka hiyo hiyo. Juni ishirini na moja."

Phyllis aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Ackerley alibaki na biskuti hewani.

"Kuna sababu maalumu, mama?"

"Naipenda tu. Kwani wewe una pingamizi?"

Kusema ana pingamizi kulimaanisha kukiri kwamba siku hiyo serikali haikukusudia ifike, na pembeni alikaa mwandishi wa kumbukumbu, vidole tayari. Wakili wa serikali hasemi jambo kama hilo. Ackerley alitia sahihi. Safari hii alisahau kupeana mikono.

"Wewe mwanamke mbaya sana," Stan alimwambia mkewe jioni, kwa fahari kubwa. "Nani atafuta harusi ya mwanawe mwenyewe?"

Walicheka wote wawili mpaka ikabidi Stan aongezewe oksijeni. Kwa mara ya kwanza alilitoa shati nyuma ya mlango, akachomoa pini moja.

Wiki tatu baadaye Ackerley alipiga simu. Harusi imesogezwa hadi tarehe ishirini na nane, kwa makubaliano ya pande zote. Je, Bi Hudak angeweza kuwasaidia sinia mbili za zile za jozi? Mtu aliyezoea kusogeza tarehe za watu ya kwake haimshindi, na hilo Dolores alipaswa kulijua. Alisema atapika.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Juni ilipoingia, Stan aliacha kushuka kitandani. Daktari Kessler, aliyemtibu kwa miaka mingi, alimkalisha Dolores jikoni akamshika mkono.

"Itakuwa Jumamosi, mama. Sioni akiivuka. Waite watoto."

Jumamosi ndiyo ilikuwa tarehe ishirini na moja, lakini kwa huzuni aliyokuwa nayo Dolores hakukumbuka. Watoto walikuja na magari yao. Padre alikuja na mafuta yake. Ijumaa binti mkubwa alilitoa shati jeupe kwenye mfuko akalipiga pasi kimyakimya, na kila mtu nyumbani alijua la nini. Dolores alilikuta limetandikwa juu ya kiti, akalirudisha kwenye mfuko, akaweka pini zote mahali pake.

"Hili si la huko," alisema. "Hili la barazani."

Wakalala Ijumaa, wakaamka Jumapili. Stan alikuwa amekaa kitako kitandani akiuliza kama kuna mayai.

Daktari Kessler alimsikiliza kifua, akatazama kalenda ya ukutani, akakunja mipira yake ya masikioni. Alisema kitabibu hakuna alichokosea: Stan alikuwa na siku yake, ila siku hiyo haikumfikia. Angefanya makadirio mapya mwezi wa nane.

Juni ishirini na nane Dolores alipeleka biskuti harusini. Meza ilijaa kutoka ukuta hadi ukuta, na za jozi ndizo zilizokwisha kwanza. Ackerley alicheza na binti yake, akalia, akaja kumshukuru Dolores huku macho yakiwa bado mekundu.

"Siku hii sitaisahau, mama," alisema. "Tutaonana kikaoni Agosti, tupatane tarehe nyingine."

Agosti daktari alifanya makadirio. Safari hii alisema Septemba tisa. Dolores aliinuka, akavaa viatu vya kutokea, akaanza kuchanganya unga.

"Unakwenda wapi na unga huo?" aliuliza Stan.

"Kikaoni. Nitawaomba ya tisa."

Nje kiwanda kilikuwa kikifungua tanuri, na dirisha lilitetemeka kama kawaida.

"Dolly," alisema, "kesi tuliifungua ili siku ije."

"Najua."

"Wewe unaniombea siku zisizokuja. Mimi niliomba moja tu, ije."

"Ikija ya tisa nitafanya nini mimi?" alisema Dolores, na sauti ikamkatika. "Niambie, Stan. Nitamfutia nani masizi hapa?"

Stan alimtaka alete bakuli karibu, akazipasua jozi mwenyewe, moja moja, akipumzika kati ya moja na nyingine.

Kikao kilikuwa kifupi. Ackerley alihitaji kuthibitisha kwamba mlalamikaji bado anapumua.

"Kwa shida," alisema Dolores.

"Kisheria inatosha," alisema Phyllis, bila furaha.

"Basi, Bi Hudak," alisema Ackerley, na alisema kwa wema wa kweli, "tarehe ipi ingekufaa?"

Phyllis alimtazama mteja wake. Alikuwa na hoja nzito kwenye mkoba, ya kumwomba jaji aipige serikali faini, na jaji alikuwa ameanza kuchoka. Jino lake lilikuwa bado linamuuma. Pengine safari hii ingewezekana. Phyllis alikuwa amemwambia Dolores hayo yote garini.

"Tisa Septemba," alisema Dolores.

Kila mtu alitia sahihi. Donati zilibaki.

Tarehe nane Septemba walikula majani ya kabichi yaliyofungwa nyama, chakula alichokipenda Stan, wakalala mapema. Tarehe kumi Dolores alitoka na vitambaa viwili, maana sasa alikuwa amejifunza. Akamkuta Stan amemtangulia. Alikuwa amejikokota na mtungi wake hadi kwenye kiti cha baraza, amevaa shati jeupe, pini moja bado imening'inia kwenye kola.

"Nimechoka kuisubiri," alisema.

"Litachafuka."

"Lichafuke."

Dolores akaenda kuteleka kahawa. Aliporudi na vikombe, kola ilikuwa ya kijivu na mabega yalikuwa yameanza. Stan aliliangalia shati, akaangalia ukingo uliokuwa mweusi wa siku mbili baada ya usiku mmoja.

"Siku ndiyo haifiki," alisema. "Moshi wake unafika kwa wakati."

Dolores alifuta ukingo upande wake mpaka kitambaa kikajaa. Kisha akampa Stan kile cha pili, naye, akiwa amekaa vilevile kitini, akaanza kufuta upande wa kwake.