Kamera ya Pasipoti na Kilimia

Kwa miaka ishirini na miwili amewaambia watu wainue kidevu, mpaka mtaa mzima ukamwita Kidevu Juu. Kazi yake ni picha za pasipoti na vitambulisho, katika chumba kimoja chenye stuli, taa mbili na pazia la nyuma aliloshonewa na mama yake siku alipofungua. Kamera yake ya zamani ilikata roho mteja akiwa amekaa kwenye stuli, uso ameukaza. Kidevu Juu alimrudishia hela yake, akafunga mlango.

Hakusikitika sana, maana alikuwa na jambo lingine kichwani. Mama yake, fundi cherehani aliyestaafu, ana presha ya macho, na daktari alishasema macho yale hayataumaliza mwaka. Mama hakulalamikia kushindwa kutunga uzi kwenye sindano wala kutoona sura za watu. Alilalamikia kitu kimoja tu: haioni tena Kilimia, zile nyota saba zinazokaa pamoja. Kidevu Juu alipokuwa mdogo walizihesabu wote wawili. Mtoto alikuwa akichoka kabla hajafika ya tatu, na zilizobaki mama alimhesabia. Siku hizi mama aliona tu kitu chenye mwanga kikiletwa karibu kabisa na uso. Basi binti alitaka kamera moja ya kazi mbili, mchana ipige sura za watu, jioni ipige Kilimia amletee mama karibu na pua.

"Mshika mbili moja humponyoka," alisema muuza kamera za mitumba, ambaye kwa methali hana mpinzani na kwa bei hana huruma.

Alimwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ndogo, safi, karibu mpya. Kidevu Juu aliingia nayo chini ya meza, akajifunika koti, akapiga picha gizani. Ilitoka chengachenga tupu. Ya pili ilikuwa kubwa, imechubuka pembeni, na gizani ilitoa picha ambayo hata uzi wa koti ulionekana. Bei yake ilikuwa chini ya ile ndogo.

"Ina ugonjwa gani?"

"Sikufichi, dada. Aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa nyota. Aliifungua tumbo, akatoa kioo fulani cha ndani ili ione wekundu wa mbinguni. Sasa inaona wekundu kila mahali. Ukimpiga mtu, anatoka kama nyanya."

"Nikiionyesha kitu cheupe, nikaiambia huu ndio weupe, haitatulia?"

"Wanasema hutulia. Mimi sijajaribu. Nakupa wiki moja, isipokufaa irudishe."

Akapiga moyo konde, akaichukua.

Ukweli ni kwamba kuifundisha kamera weupe si kazi ngumu. Unatafuta kitu cheupe, unakipiga picha, unaiambia ianzie hapo. Kidevu Juu alikuwa na kitu cheupe ambacho hakuwahi kukitilia shaka maishani mwake. Akapiga lile pazia.

Wekundu uliondoka. Badala yake wateja wakaanza kutoka rangi ya samawati. Bwana harusi mtarajiwa alitazama picha yake akauliza kama kuna alichomkosea. Dereva wa lori alirudishwa na ofisi ya leseni, akaja na picha zake nne mkononi.

"Dada, mimi bado sijafa," alisema, wala hakuwa anatania.

Alibadilisha taa. Akalipiga picha pazia upya, mara tano, na kila mara watu walitoka kama maiti. Siku ya sita aliirudisha kamera kwenye mkoba wake. Angeibadilisha kwa ile ndogo, wateja wangepata sura zao, na Kilimia ingebaki hadithi. Ilimuuma, na akamwambia mama yake hivyo hivyo bila kupamba.

Mama alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, akinywa chai.

"Weupe umeuonyesha wapi?"

"Kwenye pazia."

Mama aliteremsha kikombe taratibu.

"Pazia lile si jeupe, mwanangu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha dukani. Nikachukua cha krimu. Nikasema ataniuliza, hukuuliza."

"Miaka ishirini na miwili?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nyani haoni kundule, na mpiga picha haoni pazia lake. Kamera ilikuwa imeamini kuwa umanjano wa krimu ndio weupe, ikawa inaufuta kwenye sura za watu na kuwaachia samawati. Kidevu Juu alichomoa karatasi mpya kutoka kwenye pakiti, akampa mama aishike, akaipiga. Kisha akampiga picha mama yake. Mama alitoka rangi yake mwenyewe, kahawia iliyoiva, mikunjo yote mahali pake. Kamera haikurudi dukani.

Jioni ile ile, giza lilipoingia, walipanda juu ya paa wanakoanika nguo. Binti alisimamisha kamera kwenye stendi, akailenga, akaiacha ifumbue jicho sekunde sita. Kilimia ikatoka, kali na safi. Akaikuza mpaka ikajaa kwenye kioo cha kamera, akaichomoa kamera kwenye stendi, akamshikia mama karibu na pua.

"Moja," mama alisema, kidole kikiwa juu ya kioo. "Mbili."

Kidole kilipoendea ya tatu kilitua kwenye weusi mtupu. Binti aliisogeza kamera kidogo, nyota ikaja chini ya kidole.

"Tatu."

Akasogeza tena, na tena, mpaka wakafika saba. Mama alikunja kidole.

"Ulikuwa unanisogezea."

"Ndiyo, mama."

"Mbili za kwanza nimeziona kweli," mama alisema. "Hizo nyingine nilikuwa nakuhesabia wewe."