Firigisi ya Mzee

Mimi sina shida na wageni. Hapa kwetu Nakuru tumekaa na wazungu wa shirika la maji miaka mingi, wanalala chumba cha nyuma, na nimeona mengi. Kuna mmoja alifua soksi kwa beseni ya kukandia unga wa chapati. Nilimwambia wazi, akaacha. Lakini Marit, yule wa Norway anayejitolea kule Kaptembwo, alikuwa na adabu mpaka inachosha. Kila saa ni asante Mama, pole Mama.

Sasa, Jumapili hiyo baba mkwe alikuwa anatoka Bungoma kuja kupimwa macho. Tangu mume wangu Levis na ndugu zake wagombanie shamba mzee akiwa bado hai, mzee aliapa hatakula kwa mtoto wake yeyote. Akila kwangu, yameisha. Akikataa, Levis hana baba. Levis alikuwa amekonda kwa mawazo.

Tukachinja jogoo. Kwetu Wabukusu, firigisi ni ya mzee. Hata mtoto mdogo anajua haiguswi. Mzee akiikosa kwa bakuli, umemwambia hatakikani.

Mezani walikuwa mzee, Levis na Marit. Mimi nilikaa mlango wa jikoni, maana mkamwana hali meza moja na baba mkwe. Niliweka bakuli mbele ya mzee, firigisi juu kabisa aione. Aliitazama, mikono ikabaki magotini. Halafu akasukuma bakuli.

"Mgeni aanze."

Marit akaangalia nyama yote vizuri, akachukua firigisi, akatia mdomoni.

Woi! Levis alifunga macho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Eti mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja kutumaliza! Hasira zikanipanda, nikasahau hata heshima ya mkwe, nikaingia.

"Marit! Nyama yote hiyo, mbona ukachukua hiyo?"

Akaacha kutafuna. Uso ukawa mwekundu kama nyanya.

"Ni ndogo, Mama," akasema na Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi kuchukua ndogo. Kubwa ni ya Mzee."

Mzee alimwangalia Marit, akamwangalia Levis. Levis akainamisha kichwa.

"Nimezaa vijana watano," mzee akasema. "Wote walitaka kubwa."

Levis akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. "Baba, nisamehe."

Mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha mzee akamega ugali, akachovya mchuzi, akala. Akamega tena.

"Nakhumicha," akaniita. Tangu ile kesi ya shamba hakuwa ametaja jina langu. "Leta ugali mwingine. Na huyu msichana mpatie paja, amekula kidogo."