Mnong'ono kwenye Chaneli ya Nane

Waliohudhuria: Mzee Kosgei, mwenyekiti wa chama cha manahodha na mwendeshaji wa boti ya uokoaji, Nasimiyu, katibu, manahodha Owino, Jerry na Chemutai. Mahali: banda la kuhifadhia jaketi za kujiokolea majini, ufukoni mwa Ziwa Naivasha. Shauri: Chemutai kutangaza mahali pa uongo redioni.

Kanuni ya chama ilikuwa nyepesi kuelewa. Kila nahodha anayewapeleka wageni kutazama viboko alipaswa kutangaza mahali alipo kwenye chaneli ya nane, kila baada ya nusu saa, ili akipatwa na ajali boti ya uokoaji ijue pa kumtafuta. Aliyedanganya alinyang'anywa redio msimu mzima, na asiye na redio habebi mgeni. Chemutai alikuwa nahodha mpya kuliko wote, na huu ulikuwa Agosti, mwezi unaolisha nyumba hadi Krismasi.

Kanuni hiyo ilikuwa na matumizi mengine ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Nahodha aliyepata viboko na kusema ukweli alizungukwa na boti zote za ziwa kabla wageni wake hawajafungua kamera. Basi manahodha wakawa watu wa kutangaza kwa uaminifu mkubwa, kila nusu saa, mahali ambapo hawapo.

Owino, aliyekuwa mlalamikaji, alisimama.

"Mwenyekiti, jana asubuhi huyu alisema yuko Kisiwa cha Crescent, haoni kitu. Kumbe yuko kwa ile ghuba ya pampu, nyuma ya shamba la maua, na huko kuna kiboko amezaa juzi! Nikaingia, mama akanigonga, propela ikaenda. Nimebeba familia kutoka Kiamunyi, mtoto analia, nyanya anaomba. Angesema ukweli, ningejua kuna kiboko nikae mbali."

"Wewe? Ukae mbali?" Chemutai aliuliza.

"Tuzungumze kwa zamu," alisema Mzee Kosgei. "Owino, ulijuaje kwamba yuko huko?"

"Si alinong'ona, mzee! Mtu anamnong'onea nani kama hakuna kitu? Halafu nyuma ya sauti nikasikia pampu ya maji, tu-tu-tu-tu. Na pampu ya kulia hivyo ni moja tu hapa."

Jerry alicheka. "Chemu, pole. Ukinong'ona, ziwa lote linageuza boti."

"Niandike kwamba Jerry pia alikuwa ghubani?" aliuliza Nasimiyu.

"Sijasema nilikuwa—"

"Ulikuwa unanipiga picha nikigongwa!" Owino alifoka.

Nasimiyu aliandika, kisha akainua kichwa. "Jerry, wakati huo ulikuwa umetangaza uko wapi?"

"Hippo Point."

"Na wewe, Owino?"

Owino alizitazama jaketi zilizoning'inia ukutani kana kwamba amepewa kazi ya kuzikagua. "Crescent. Karibu na Crescent."

"Basi wewe na Chemutai mlikuwa majirani," alisema katibu, "mahali ambapo hapakuwa na yeyote kati yenu."

Chemutai alisimama. "Mimi nilidanganya, sikatai. Nilikuwa na wageni, nikataka waone vizuri kwanza."

"Si jana ulisema unalinda mtoto wa kiboko?" Jerry alimchokoza.

"Hiyo niliifikiria baadaye. Lakini mzee, kwa heshima, niulize moja. Owino alipoita msaada, boti ya uokoaji ilifika hata kabla hajamaliza kutaja jina lake. Kutoka gatini hadi ghubani ni safari ndefu. Ulipitia wapi?"

Nasimiyu aliishika kalamu bila kuandika.

"Nilikuwa ghubani," alisema Mzee Kosgei.

"Peke yako?"

"Na wageni wanne."

"Kwa boti ya uokoaji, mzee?"

"Wote walikuwa wamevaa jaketi," alijibu mzee, kwa uthabiti wa mtu ambaye walau kanuni moja aliishika.

Kisha akaichukua redio ya Chemutai, iliyokuwa mezani tangu mkutano uanze ikingoja hukumu, akamrudishia mwenyewe mkononi.

"Nikimhukumu huyu, nitawahukumu nyote pamoja nami, na kesho hakutakuwa na boti majini. Kwa hivyo sikilizeni uamuzi. Chemutai anabaki na redio yake. Ghuba ya pampu imefungwa kwa kila boti, hadi yule mama atakapomtoa mtoto wake mwenyewe. Boti ya uokoaji haibebi mgeni tena; itakaa gatini, nasi tutailinda kwa zamu, nikianza mimi. Na kuanzia kesho, nahodha akitangaza alipo, ni marufuku kwa mwingine kwenda huko asipoitwa."